Herufi za Shingoni

Daktari alipiga simu saa sita na robo mchana. Inspekta aliipokea huku ameshika kopo moja mkononi na jingine amelibana kwapani, maana meza yake ilikuwa imejaa mafaili mpaka pembeni, na kiti cha wageni kilikuwa na mguu mmoja uliokwisha kustaafu bila kuaga.

"Macho ya yule bwana hayarudi," daktari alisema. "Figo bado tunahangaika nazo. Ulitaka kujua kama ataweza kukueleza zaidi kuhusu alichokunywa. Hawezi. Anamwita mkewe tu, na mkewe amekaa hapo hapo kamshika mkono."

"Nimekusikia, daktari."

"Kama kuna makopo mengine ya namna hiyo huko nje, Inspekta, mimi nina vitanda vinne."

"Yapo," Inspekta alisema. "Katoni kumi na tisa. Kila katoni makopo ishirini na manne."

Daktari alikata simu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Hesabu ya katoni aliitoa muuza duka aliyemuuzia yule bwana kopo lake, na ambaye makopo yake mengine ishirini na matatu polisi walishayachukua. Pikapu ilisimama mbele ya duka Jumatano mchana ikiwa na katoni ishirini. Muuza duka akanunua moja, akazihesabu zilizobaki kwa macho yake mawili, pikapu ikaondoka na kumi na tisa. Dereva hakumjua. Namba ya gari hakuiangalia. Alichokumbuka vizuri ni uzuri wa makopo, na hapo hakuwa peke yake. Mji mzima uliyajua. Yalikuwa makopo ya kokteli ya ndimu na tangawizi kutoka baa moja ya kona, baa inayotengeneza spiriti yake yenyewe chumba cha nyuma kwa mtambo wa shaba mkubwa kama tembo aliyekaa kitako. Miezi mitatu iliyopita baa ilianza kuitia kokteli yake kwenye kopo, na kopo likachorwa likachoreka: jani la ndimu, kipande cha tangawizi kinachocheka, na shingoni maneno TIKISA POLEPOLE. Watu walikuwa wananunua kwanza, wanauliza baadaye ndani kuna nini.

Sasa kuna mtu alikuwa ameyavika nguo hizo hizo makopo yenye sumu. Na leo ilikuwa Ijumaa. Ikifika saa kumi na moja jioni watu watatoka kazini na koo kavu.

Juu ya hayo yote kulikuwa na jambo la jana. Jana asubuhi wataalamu walimwambia Inspekta kwamba picha safi namna ile haiwezi kuigwa bila faili la aliyeichora. Mchoraji alikuwa mmoja tu. Inspekta, ambaye maisha yake yote hajawahi kusubiri hata maji yachemke, alimtia Mchoraji mahabusu kabla ya saa nne na kumbana siku nzima. Akaambulia patupu. Siku nzima, na katoni kumi na tisa zinatembea.

Alitelemka chini na makopo yake mawili.

Mchoraji alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, vidole vina wino mpaka kwenye kucha, amekunja mikono kama mtu aliyenyimwa hata meza ya kuiegemeza.

"Umekula, binti?"

"Mimi si binti yako. Nimeletewa chai. Ilikuwa na umri kunishinda."

Inspekta aliketi. Aliweka makopo mezani, moja la kweli, moja la yule bwana, ambalo lilikuwa limerudi kutoka maabara asubuhi hiyo hiyo likiwa tupu na limeoshwa.

"Niambie lipi lako."

Mchoraji hakuyagusa. Aliinama akayatazama kwa usawa wa macho, kwanza tumboni, kisha shingoni. Halafu akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha yoyote ndani yake.

"Nani kakwambia hili ni kazi ya faili langu?"

"Wataalamu."

"Wa nini? Wa kushona viatu?" Alilivuta lile la sumu kwa kidole kimoja. "Sikiliza. Hii si rangi iliyopigwa kwenye bati. Ni plastiki. Sisi tunaiita soksi. Kopo linavalishwa soksi, linapita kwenye mvuke, soksi inabana. Tumboni inabana kidogo. Shingoni, kopo linapokuwa jembamba, inabana kwelikweli. Kwa hiyo herufi za shingoni mimi nazichora pana, zimevimba, ili zikishabana zikae sawa. Ukilitazama faili la kuchapia utadhani nililichora nimelewa."

"Na hili?"

"Soma shingoni."

Inspekta alisoma. TIKISA POLEPOLE. Kwenye kopo la kweli kila herufi ilikuwa na nafasi yake ya kupumua. Kwenye kopo la sumu zilikuwa nyembamba, zimegandana, kama watu saba waliojificha kwenye kabati moja.

"Aliyetengeneza hili alikuwa na picha iliyonyooka," Mchoraji alisema. "Picha ya kutazama, si ya kuchapa. Ningekuwa nimeuza faili, zingekaa vizuri."

Feni ya dari, ambayo ilizunguka mara ya mwisho siku ilipofungwa, haikusaidia kitu. Inspekta alijifuta shingo.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana uliniuliza nimemuuzia nani. Hukuniuliza soksi inavaliwaje. Na kopo lenyewe hukunionyesha."

Inspekta aligeuza ukurasa wa daftari.

"Picha iliyonyooka anayo nani?"

"Zilikuwa karatasi tatu. Kabla ya kuchapa, nachapa kwanza kwa printa yangu ya nyumbani, kila mhusika nampa karatasi yake aizungushe kwenye kopo kwa mpira, akae nayo, aizoee, aseme kasoro. Ya kwanza mwenye baa. Ya pili shemeji yake, anayeuza. Ya tatu Fundi Mvuke, wa mtambo." Alikuwa bado analizungusha kopo. Mkono ukasimama. "Hiki si changu."

Chini ya jani la ndimu kulikuwa na mstari uliofifia. Mistari miwili, hasa, imekutana na kufanya pembe pana, kama ukingo wa nyumba uliochorwa kwa maji. Mtu angedhani ni kivuli cha jani.

"Una hakika?"

"Nililala na jani hili wiki tano. Najua mpaka mishipa yake. Na tazama hapa chini, kileo asilimia tano. Kwenye kopo la kweli ni nane. Kwenye karatasi nilikosea nikaweka tano, Fundi akanisahihisha kabla hatujachapa."

"Kwa hiyo mwizi alitumia karatasi mojawapo, na karatasi hiyo ina alama hii."

"Ndiyo. Sasa natoka?"

"Nikimleta mwenye karatasi."

"Na usipompata?"

Inspekta alikusanya makopo yake. Mlangoni, Mchoraji alimwita.

"Jana niliomba nimpigie mama yangu. Ukasema baadaye."

"Baadaye," Inspekta alisema, akaondoka, na saa ya ukutani ikasoma saa saba kasoro.

Baa ilikuwa imefungwa tangu jana. Mwenyewe, mtu mnene mwenye jina la utani la Pipa, alikuwa anafuta kaunta iliyokwisha kung'aa tangu asubuhi. Angeendelea kidogo angefika upande wa pili wa mbao. Inspekta na Sajenti wake hawakuketi.

"Karatasi ya kopo. Yako."

Pipa aliitoa chini ya kaunta. Imechakaa, ina alama za vidole, lakini chini ya jani palikuwa pasafi. Kileo asilimia tano.

"Inspekta, nimesikia yule bwana..."

"Macho yameondoka. Karatasi ya pili iko kwa nani?"

"Kwangu mimi," alisema mtu aliyekuwa kiti cha mwisho. Huyo ndiye Shemeji, kaka wa mke wa Pipa, shati limepigwa pasi hadi lina makali, na mdomoni meno mengi kuliko nafasi. Alifungua mkoba wake kabla hajaombwa. "Karibu, mama Inspekta. Mimi sina cha kuficha. Yangu ninaitunza kwenye plastiki, mteja akiishika isichafuke. Tazama ilivyo safi."

Ilikuwa safi kweli. Hakuna pembe, hakuna doa.

"Na mimi nitakwambia bila woga," Shemeji aliendelea, sauti chini, "soksi inataka mvuke. Humu mwenye mvuke ni mmoja. Sisemi kitu. Nasema tu."

"Umeshasema," Sajenti alimwambia.

Chumba cha nyuma kilikuwa na joto la kupikia matofali. Fundi Mvuke, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mtambo uliozimwa, mikono mapajani, kama mtu aliyefiwa na ng'ombe. Mezani kwake kulikuwa na silinda ndefu ya kioo ya kupimia makali ya spiriti. Chini ya silinda kulikuwa na karatasi.

Inspekta aliinyanyua silinda. Kitako chake hakikuwa cha duara. Kilikuwa na pembe sita. Na juu ya karatasi, chini ya jani la ndimu, wino ulikuwa umeliwa ukaacha mistari miwili iliyokutana kwa pembe pana.

Aliweka kopo la sumu kando yake. Zilifanana kama kidole na alama yake.

"Spiriti hutiririka nje ya kioo," Fundi alisema kabla hajaulizwa. "Inafika chini, inakula wino. Nililaumiwa kwa hilo na wake zangu wawili, vitambaa vya meza haviishi."

"Hii ni karatasi yako, mzee?"

"Ni yangu."

Sajenti alikuwa tayari na pingu. Pipa, aliyewafuata, alishika fremu ya mlango.

"Fundi," alisema. "Miaka kumi na minane."

"Najua ni miaka mingapi," Fundi alijibu. "Nilikuwepo."

Saa nane na dakika kumi. Inspekta aliona kazi imekwisha, na pale pale akakumbuka jana asubuhi ilivyokwisha kwa urahisi huo huo. Akamzuia Sajenti kwa kiwiko. Akairudia karatasi, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mkopo wa nyumba. Chini, pembeni mwa asilimia tano, mtu alikuwa ameikata tano kwa kalamu nyekundu na kuandika nane, na tarehe.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu. Nilipima nikakuta nane. Mchoraji aliandika tano, sijui aliiota wapi."

"Ulipima lini?"

Fundi alivuta daftari la vipimo, kurasa zimevimba kwa mvuke. "Ijumaa moja, kabla makopo hayajachapwa. Hii hapa, saa tano asubuhi. Nikaweka silinda juu ya karatasi, ndiyo ikala wino."

"Na kusahihisha umesahihisha Jumatatu. Tarehe inasema. Kwa nini mtu apime Ijumaa aandike Jumatatu?"

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Karatasi haikuwepo. Shemeji alikuja mchana ule ule, akasema yake imelowa, naomba yako nikawaonyeshe wateja. Nikampa. Akairudisha Jumatatu."

Inspekta alilitazama kopo la sumu. Lina pembe. Halina wino mwekundu. Lina tano. Basi karatasi ilipigwa picha baada ya silinda na kabla ya kalamu, na siku hizo haikuwa mezani hapa. Isitoshe, Fundi alijua ni nane tangu Ijumaa ile. Mtu anayegombana na tano mpaka anatafuta kalamu nyekundu hawezi kuichapa tano hiyo hiyo zaidi ya mara mia nne.

"Mzee, yale ya mwanzo yanayotoka mtamboni, yasiyonyweka, mnayapeleka wapi?"

"Vichwa? Yanakaa pipa la buluu, na spiriti ya kuoshea vyombo nayo humo humo. Ni sumu tupu. Shemeji huyapeleka kutupwa." Aliinuka, akalipiga pipa teke dogo. Lililia kama ngoma, tupu. Mzee akasimama ameduwaa. "Lakini hajalipeleka. Zamu yake ni mwisho wa mwezi."

Walirudi mbele. Shemeji alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu.

"Karatasi yako, tena," Inspekta alisema. Aliinyoosha kaunta. "Hii imechapwa nane. Ya bosi wako ina tano. Ya Fundi ina tano. Yako imejuaje?"

"Nilipewa nyingine baadaye."

"Ya kwanza iko wapi?"

"Ililowa."

"Ndipo ukaazima ya Fundi."

"Sijaazima kitu kwa mtu," alisema Shemeji, na kabla hajafunga mdomo alimwona Fundi amesimama nyuma ya Pipa na daftari lake kifuani.

Pipa aliacha kufuta kaunta.

Kukamata ni kitu kimoja, kusemesha ni kingine. Ilipofika saa tisa na nusu, Shemeji alikuwa amesema "sijui" mara arobaini na moja. Sajenti alikuwa anazihesabu kwa vijiti pembeni mwa karatasi. Hajui karatasi. Hajui pipa. Hajui pikapu. Alijitia hamnazo kwa ufundi wa hali ya juu, maana alijua vizuri: akisema katoni ziko wapi, ameshajifunga mwenyewe.

"Kuna mtu hospitali haoni mkono wake," Inspekta alimwambia.

"Nampa pole. Namsubiri wakili wangu."

"Wakili wako anafika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Inspekta alitoka akaegemea ukuta wa korido. Alikuwa amempigia kila mwenye duka aliyemjua. Alikuwa ameomba tangazo redioni, wakamwambia litasomwa baada ya mpira. Na hata likisomwa, lingesema nini? Msinywe kopo lenye jani la ndimu? Nusu ya mji ina kopo hilo kwenye friji, na mengi ni mazima. Watu wangecheka wakanywa.

Akateremka chini, akafungua mlango wa mahabusu kwa ufunguo wake mwenyewe.

"Umempata?" Mchoraji aliuliza.

"Nimempata. Ni Shemeji. Hasemi zilipo."

"Basi natoka."

"Umeshatoka. Nimesaini mimi, mkuu wa kituo ataninyonga kesho." Inspekta alibaki mlangoni. "Ninaomba kitu, na huna sababu hata moja ya kukubali. Nataka picha. Mtu akiwa na kopo mkononi aangalie picha hiyo ajue lake ni la kweli au la sumu. Wewe tu ndiye uliyeona tofauti. Mimi nililibeba kopo lile tangu asubuhi sikuiona."

Mchoraji alinyoosha mkono, kiganja wazi.

"Kalamu yangu mliichukua jana," alisema.

Ilikuwa kwenye bahasha ya vielelezo. Inspekta aliichana bahasha kwa meno.

Alichora kwenye meza ile ile alipobanwa jana, nyuma ya fomu ya mashtaka yake mwenyewe kwa kuwa karatasi safi kituoni ilikwisha mwezi uliopita. Ya kwanza akaichana. Ya pili akaitazama kwa mbali, akaichana. Inspekta alikuwa anatembea ukuta hadi ukuta.

"Saa kumi kasoro."

"Ukinisukuma nitakosea. Anayeishika atakuwa ameshafungua kopo. Ana nusu dakika ya kuelewa. Akili yake iko kwenye koo."

Ya tatu ilikuwa na shingo mbili tu za makopo, kubwa, zimejaa karatasi. Kushoto herufi zinapumua. Kulia zimebanana. Chini, maneno ambayo mwenyewe aliyaita matano: ANGALIA SHINGONI. ZIKIBANANA USINYWE. Basi. Hakuna jani, hakuna tangawizi inayocheka.

"Ni maneno manne," Sajenti alisema baada ya kuhesabu, maana alishazoea siku hiyo.

"Bora," alisema Mchoraji.

Sajenti alikimbia nayo duka la fotokopi lililo ng'ambo ya barabara, akarudi na rundo lingali na moto, akawagawia askari, akawatuma. Saa kumi na dakika kumi na tano. Askari walikuwa sita. Mji ulikuwa na baa na maduka kuliko taa za barabarani. Inspekta aliwaona kwa dirisha wakitawanyika na vikaratasi vyao, na alijua hesabu hiyo haitimii.

Alichukua nakala moja, akaingia chumba cha mahojiano, Mchoraji nyuma yake bila kualikwa. Akaiweka mbele ya Shemeji, na makopo mawili pembeni. Hakuuliza swali. Maswali yalikuwa yamemwishia.

Shemeji aliitazama kama muuzaji, kwa kuidharau kidogo. Kisha akaitazama tena.

"Herufi gani zinabanana?"

"Za shingoni," Mchoraji alisema.

Alishika kopo la kweli, akaligeuza. Akashika la sumu. Alikuwa ameuza makopo hayo kwa mamia bila kuijali shingo ya hata moja. Macho yalitoka kwenye kopo, yakaenda kwenye karatasi, yakarudi. Rangi ilimtoka usoni kuanzia juu, kama glasi inayonywewa kwa mrija.

"Mimi nilidhani yanafanana," alisema. "Nilidhani hakuna wa kuyatofautisha."

"Hakuwepo," Inspekta alisema.

"Hapana, sikiliza. Na mimi sikuweza." Alilamba midomo. "Jumanne nilimpelekea mama makopo sita. Kwenye buti ya gari yalikuwemo ya aina zote mbili. Nikayatoa kwenye katoni niliyodhani ni ya kweli. Nilipoyapanga mezani kwake nikasema moyoni, hizi herufi zimekaaje. Sikufikiria tena." Akasimama, pingu zikamvuta chini. "Nipeni simu."

"Ya wakili?"

"Ya mama. Kila Ijumaa saa kumi anacheza karata nyumbani kwake. Wanakuja wenzake watano. Ni saa ngapi?"

"Kumi na dakika ishirini na mbili."

Inspekta alitoa simu yake mwenyewe, maana ya kituo ilikuwa ya kupokea tu. Akabonyeza namba aliyotajiwa na Shemeji, akaitia sauti kubwa, akaiweka mezani, ikaanza kuita.

"Katoni," alisema.

"Ngoja apokee kwanza."

"Inaita, na wewe una mdomo. Vyote viwili kwa pamoja."

Simu iliita. Shemeji alisema haraka, macho hayatoki kwenye simu: kumi na nne ziko ghala la nyuma ya seremala, ufunguo juu ya fremu. Tatu ukumbi wa sherehe, leo wana arusi. Mbili grosari ya karibu na karakana. Sajenti aliandika hadi kalamu ikatoboa karatasi, akatoka mbio. Simu ikakatika yenyewe. Inspekta akapiga tena.

Iliita mara ya tatu. Ya sita. Shemeji alikuwa ameweka paji la uso juu ya meza.

"Haloo. Nani huyo?"

"Mama. Yale makopo."

"Hata salamu siku hizi hakuna?"

"Shikamoo, mama. Makopo niliyokuletea, mmekunywa?"

"Marahaba. Nina wageni, na nilikuwa nakaribia kumfunga jirani, umenipotezea mkono mzuri. Tunywe nini?"

"Makopo, mama. Ya ndimu."

"Hayo? Kitu kizuri vile nikifungue, kisha nitupe kopo? Nimeyapanga juu ya kabati, karibu na picha ya baba yako. Kila anayeingia anayaulizia. Wageni nimewapa soda."

Mabega ya Shemeji yalikuwa yanatikisika, polepole.

Mchoraji aliinamia simu. "Mama, samahani. Lichukue moja, usilifungue. Soma maneno ya shingoni. Herufi zimekaaje?"

"Na wewe ni nani?"

"Ndimi niliyeyachora."

Walisikia kiti kikivutwa, na mtu akiambiwa asiangalie karata za mwenzake.

"Umejaliwa mkono, mwanangu," sauti ilirudi. "Ila hapa juu umeboronga. Zimebanana kama meno ya huyu wa kwangu."

Inspekta alimwambia yule mama, kwa heshima zote, asiyaguse na askari anakuja kuyachukua, akakata, akapiga ukumbini. Aliyepokea alikuwa mpangaji wa meza.

"Makopo yapo mezani tayari, dada. Wageni wanaingia saa kumi na moja."

"Soma shingoni."

Kopo liligongana na glasi. "Zimebanana."

"Zote?"

"Ngoja." Hatua, hatua, hatua. "Zote."

"Yatoe yote, meza hadi meza. Uyahesabu. Yawe sabini na mbili."

Dakika kumi baadaye alipiga mwenyewe: sabini na mbili. Kutoka ghalani askari wakasema kumi na nne, moja imepungua makopo sita. Ikabaki grosari. Sajenti alipiga redio saa kumi na dakika arobaini na nane, anahema.

"Katoni mbili nimezipata. Limetoka kopo moja, mchana. Mwenye duka anamjua aliyenunua, ni mpiga rangi wa karakana, anakaa mtaa wa juu. Hana simu. Mwenye duka ameondoka mbio na ile picha mkononi, na mimi namfuata."

Inspekta aliketi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumpigia. Shemeji walikuwa wamemchukua. Chumbani alibaki yeye, karatasi moja, na Mchoraji amesimama.

"Ni baadaye sasa," Mchoraji alisema.

Inspekta alimsukumia simu.

Mchoraji alibonyeza namba bila kuitafuta. "Mama? Ni mimi. Nilikuwa kazini, mama. Hapana, usilie. Nakuja." Aligeukia ukutani na sauti ikawa ndogo.

Inspekta alitoka akafunga mlango, akasimama koridoni na redio mkononi. Saa kumi na moja ikapiga. Nje, geti la kiwanda lilifunguliwa na watu wakaanza kutoka. Redio ilikoroma mara mbili bila neno. Aliisogeza sikioni, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Inspekta," Sajenti alisema, pumzi hana. "Lilikuwa kwenye maji, analipooza. Alishatia kidole kwenye kifungulio. Mwenye duka hakusema kitu, alimwekea tu picha mbele ya macho. Sasa wamekaa chini wote wawili, wanaisoma."